Anti, kaka ameshaondoka na sasa namwogopea wifi yangu

Anti shikamoo. Jina langu naomba usiliweke, we niite fundi wa Mbagala inatosha. Nashona nguo, nina miaka 34, nina kaka yangu tumefuatana mimi na yeye, yaani nilikua nae, mpaka leo ulimi unagoma kusema nilikua. Hii ni wiki ya saba tangu ajiue. Alivofanya sitaki kueleza, nakwambia tu alijitoa uhai mwenyewe na nyumba nzima tunajua, japo mdomoni tunasema presha.

Alikua anaendesha bajaji ya mkataba. Ikaibiwa mwaka jana, imebaki miezi minne tu amalize iwe yake, mwenye mali akataka chake, basi kaka akawa anakopa huku alipe kule, akaingia kwenye ile mikopo ya simu, kausha damu, na ukichelewa siku moja wanapigia kila namba iliyoko kwenye simu yako, hadi ustaadhi wa madrasa ya mwanae alipigiwa. Aibu ile ilimmaliza. Lakini Anti niseme ukweli, hata kabla bajaji haijaibiwa hakua sawa. Halali. Anakaa barazani mpaka saa 9 usiku. Mtu ambae kwenye shughuli ndo alokua anatuchekesha wote akawa anaitikia tu eeh, eeh.

Kinachonila mimi ni hivi. Wiki moja kabla alikuja kwangu akanilipa elfu 30 niliyokua namdai tangu Idd, nikamtania umeokota wapi, akacheka akasema sitaki kuondoka na deni lako. Mi nikajua anasafiri. Halafu siku yenyewe asubuhi akanitumia voisi wasap. Nina sare za sendoff za watu 22, zinatakiwa jioni ileile, nikasema ntaisikiliza nikipumzika. Saa 10 jioni nikapigiwa simu. Ile voisi ina sekunde 41 na mpaka leo sijaifungua.

Msibani kuna mtu akasema huyu haswaliwi, mama akaanguka palepale, mwisho akaswaliwa na watu kama 15 hivi, haraka haraka, hata lile tangazo la anaemdai marehemu aje kwa familia halikutolewa. Na kina shangazi wameshika kua wifi ndo chanzo, eti alikua anamsimanga hela ya matumizi.

Sasa wifi yuko eda, chumba kimoja na wanangu wawili, mkubwa darasa la 4 mdogo chekechea. Tangu arobaini ipite watu wameondoka wote. Juzi nimempelekea chakula akanipa bahasha, kufungua naona vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi zao za kliniki na hereni zake za dhahabu za mahari. Anasema kaa navyo wewe, kwangu vitapotea. Akaongeza, wanangu wakilelewa na wewe watakua watu. Nikaitikia inshallah nikatoka. Nipo ndani ya daladala ndo nikakumbuka ile elfu 30, miguu ikaisha nguvu.

Naogopa kumuuliza nisije nikampa wazo ambalo hana. Naogopa kuwaambia wakubwa watasema mnaona, dhamira inamsuta. Naogopa hospitali wataita polisi. Na eda yenyewe, anatokaje? Watoto nao wanauliza, mkubwa tumemwambia presha, mdogo mama amemwambia baba kasafiri. Nifanyeje Anti.

*

Marahaba mwanangu. Pole. Pole sana kwa kaka yako, nasema hivo kwanza maana naona kwenye barua yako nzima hakuna mahali umeandika kua kuna mtu alikupa pole wewe, wote wamekua na kazi ya kutafuta chanzo.

Barua yako nimeirusha foleni, kuna zilizotangulia zitasubiri. Na kama unasoma hapa na wifi yuko peke yake na watoto, simamisha kusoma, piga simu kwa jirani yake unaemwamini akakae nae mpaka ufike, kisha uendelee kusoma njiani.

Miguu yako kwenye daladala ilielewa sawasawa. Mtu anaegawa vyeti vya watoto na dhahabu yake ya mahari, kisha akakwambia nani alee wanawe, huyo anaaga. Inawezekana anaogopa tu wakwe watamnyang'anya vitu, na wewe umesema shangazi wameshamgeuka, hiyo nayo inawezekana kabisa. Hatujui. Na kwakua hatujui ndo inabidi aulizwe, kwa mdomo, kwa neno lenyewe.

Ule woga wa kumpa wazo wanao watu wengi, hata wasomi. Wataalamu wa afya ya akili wamelifuatilia sana jambo hili na jibu lao ni moja, kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Kama halipo atakwambia halipo na atajua kuna mtu anamjali kiasi cha kuuliza. Kama lipo, amelibeba peke yake usiku kucha na wewe unakua mtu wa kwanza kumsaidia kulitua.

Ila angalia unavouliza. Usimwambie "wifi usiniambie unawaza ujinga", maana hapo umeshamjibia, na ukishaliita ujinga nani atakubali kua mjinga mbele yako. Watoto wapeleke kwa jirani, kaa nae chini mkekani, mwambie ile bahasha imenitisha. Halafu sema hivi: wifi, tangu kaka aondoke, unawaza kufa? Unawaza kujiua? Kisha nyamaza. Nyamaza hata kama ni dakika nzima, hata kama analia, usikimbilie kujaza kimya na maneno ya subira na wangapi wamefiwa.

Akisema ndio, usipige kelele, usimwambie fikiria watoto. Ninavojua mimi mtu aliefika hapo ameshawafikiria watoto usiku na mchana, na akili yake iliyochoka ndo imemdanganya kua watoto watakua salama zaidi bila yeye, si umesikia mwenyewe alivosema, wakilelewa na wewe watakua watu. Muulize ameshafikiria atafanyaje, na lini. Najua ni swali zito, koo litakauka, lakini jibu lake ndo linakwambia kama mnaondoka sasa hivi au mnaondoka kesho asubuhi. Kama ana njia na ana siku, msilale hapo. Na iwe vyovyote vile, dawa zote zilizobaki ndani na chochote anachoweza kujidhuru nacho kitoke kile chumba leo, ushike wewe. Hamu ya kufa mara nyingi inapanda kama maji ya bahari na kushuka, kuna masaa ndo mabaya zaidi, ukimvusha kwenye hayo masaa akiwa na mtu pembeni na hana kitu mkononi umeshafanya kazi kubwa sana.

Akikwambia usimwambie mtu, usimuahidi. Mwambie siri nyingine zote ntakutunzia, hii siwezi, nakupenda mno.

Sasa hospitali. Kwa kua mpo Mbagala, karibu yenu ni hospitali ya rufaa ya mkoa Temeke, kuna huduma ya afya ya akili, na usiku mnaingia mapokezi ya dharura mnasema kilichowaleta bila kuzunguka, mama huyu amefiwa na mume na anawaza kujiua. Usiseme presha. Usiseme kichwa kinauma. Tukiwadanganya wanatibu uongo wetu. Wakiona inahitaji watawapeleka Muhimbili, kule kuna idara nzima ya magonjwa ya akili. Ukikwama pa kuanzia ipo namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199, uliza wakuelekeze. Anaweza akaambiwa ana sonona, yaani ugonjwa wa mawazo, anaweza akapewa dawa, na hapo nikutahadharishe kitu ambacho watu hawaambiwi, dawa za sonona hazifanyi kazi siku hiyohiyo kama panado, zinachukua wiki kadhaa, kwahiyo zile wiki za mwanzo ndo za kumshika mkono zaidi, sio za kusema ameshapata dawa basi tumemaliza.

Polisi. Ni kweli Kanuni ya Adhabu yetu bado inahesabu kujaribu kujiua ni kosa, na mimi kwa moyo wangu wote naona sheria hiyo inawaumiza watu walioumia tayari. Ghana waliiondoa ya kwao mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikasema ya kwao inapingana na katiba, sisi bado. Lakini isome vizuri, inasema kujaribu. Wifi hajajaribu. Kuwaza si kosa, na kwenda hospitali kusema nawaza si kosa, hakuna PF3, ile fomu ya polisi, wala askari hapo. Huo woga umewafungia ndani wagonjwa wengi sana. Na hata anaejaribu, anaanzia kwa daktari, uhai kwanza, mengine yatafuata.

Na eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya chumba kimoja, bila mume, bila pesa, na ukweni wanakuita chanzo cha msiba, kwakweli hata mtu mwenye afya ya chuma ingemtikisa. Lakini eda haikuwekwa kua jela. Dharura inamtoa mjane nje, na matibabu ni dharura, muulize shehe yeyote mwenye elimu atakwambia. Pia eda haizuii watu kuingia. Tafuta wanawake watatu wanne, wewe, jirani, ndugu zake wa kuzaliwa kama wapo karibu, mpangiane zamu za kulala pale, leo huyu kesho yule. Kukaa na mjane ni jambo tunalolijua toka zamani huku pwani, tatizo letu tunalifanya kwa nguvu zote mpaka siku ya arobaini halafu turubai likishashushwa kila mtu anarudi kwake, na upweke ndo kwanza unaingia.

Kuhusu kuswaliwa. Mimi si shehe, ila hili nimelibeba muda mrefu nikaliuliza. Ipo hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumswalia yeye mwenyewe mtu aliejiua, na wanazuoni wengi wamelielezea kua lilikua onyo kwa walio hai, si katazo kwa watu wengine kumswalia. Wengi wao, na wa madhehebu ya Shafi ambayo ndo wengi wetu pwani, wanasema anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa na kuzikwa na Waislamu wenzake. Kwahiyo kaka yako hakupewa upendeleo siku ile, alipewa haki yake, hata kama ni na watu 15. Mama aambiwe hivo, na shehe mwenye maneno mazuri, sio na wewe. Na dua haijafungwa, sadaka haijafungwa. Na wasomaji wangu Wakatoliki najua na nyinyi mnaulizaga, Katekisimu yenu namba 2283 inasema msikate tamaa juu ya wokovu wa waliojitoa uhai. Anaemhukumu marehemu wenu pale matangani anasema ya kichwani kwake.

Sasa wewe.

Ile elfu 30. Mara ngapi ulishalipwa madeni maishani mwako mwanangu, na wangapi waliokulipa walikufa wiki ile? Unalisoma lile neno "kuondoka" leo ukiwa unajua mwisho wake, siku ile hukua unajua. Wewe ni fundi, mshono ukishaachia ndo unaona uzi ulianza kulegea wapi, kabla ya hapo ni gauni zima limekaa vizuri mwilini. Na zile sare za watu 22 hazikumuua kaka yako, ulikua unatafuta kula ya wanao kama kila siku. Ntakwambia na hili, ndugu wa mtu aliejiua anajilaumu kwa lile alilolifanya na kwa lile ambalo hakulifanya vilevile, angesikiliza ile voisi angejilaumu kwa alivojibu. Lawama inatafuta pa kukaa tu, na wewe ulikua karibu nae ndo imekukalia.

Shangazi zako nao wanafanya hivohivo, ila wao wameitupa kwa wifi. Mtu hajiui kwasababu mke ameomba hela ya matumizi. Hajiui hata kwasababu ya kausha damu peke yake, ingekua hivo nusu ya vijiwe vya bajaji vingekua vitupu. Umeandika mwenyewe kua kabla bajaji haijaibiwa alikua halali, hacheki, anaitikia eeh eeh. Huo ni ugonjwa, ulikuwepo, kisha yakaja madeni na ile fedheha ya kupigiwa watu simu vikamkuta ameshachoka. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya 700,000 kila mwaka wanaokufa hivi, wa kila dini na kila taifa, wenye wake wanaosimanga na wasio na wake kabisa. Tafuta mtu mmoja mwenye sauti kwenye ukoo, baba mdogo au mjomba, mmoja tu, mweleze ya ile bahasha na umwambie wazi: haya maneno yenu yanaweza kutuzikisha mara ya pili. Nafikiri hapo watanyamaza.

Na wakiendelea kukupigia wale wa mikopo, deni la marehemu linadaiwa kwenye mirathi yake, halihamii kwako kisa namba yako ilikua kwenye simu yake. Benki Kuu mwaka 2024 ilishatoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokua zinafanya kazi bila leseni. Usilipe kwa kutishwa.

Watoto. Hapa nikwambie la kwangu. Nilikua na mdogo wangu wa kiume, nae alijiua, na sisi tulisema presha. Tulisema presha miaka 11. Mwanae alikuja kuambiwa na mtoto mwenzie wakigombania mpira, "babako alijiua bwege wewe", akarudi nyumbani hakulia, alituangalia tu mmoja mmoja, mimi, bibi yake, mama yake, na toka siku hiyo hakuna neno letu alikua analiamini, hata tukimwambia leo kuna wali. Ilituchukua miaka kumrudisha. Sitaki hilo kwako.

Huyo wa chekechea aambiwe baba amekufa, neno hilohilo, kufa, mwili umeacha kufanya kazi na hatorudi. Ukimwambia kasafiri atamsubiri, na siku mama nae akisafiri kweli kwenda kwao mtoto atalia mpaka apate homa. Wa darasa la 4 mtaani atasikia, kama hajasikia. Mwambie kabla: baba alikua anaumwa, ugonjwa wa mawazo, ulimfanya aone hakuna njia nyingine, akajiua, alikosea kuona hivo kwasababu njia zilikuwepo. Usimweleze namna. Na sentensi ya mwisho usiisahau, si kwasababu yako, hakuna kitu ulichofanya wewe au mdogo wako au mama. Hiyo atauliza tena na tena, mjibu vilevile kila akiuliza. Ukishindwa peke yako 116 ni namba ya bure ya mambo ya watoto, wapo watu wa kuongea nao. Lakini haya yasubiri kwanza wifi asimame kidogo, yeye awepo pia mkiyasema.

Nyinyi wengine mnaosoma na mnaijua nyumba ya namna hii mtaani kwenu, nendeni. Najua mnakwepa kwasababu hamjui mseme nini, kwenye msiba mwingine mnasema Mungu amempenda zaidi, hapa maneno yanakwama. Semeni pole. Mtajeni marehemu kwa jina lake, semeni alikua anatuchekesha kwenye shughuli. Mnunulie unga, mchotee maji, mtoto mpeleke shule na wako. Msiulize alifanyaje.

Mwanangu, na wewe ukimaliza kumfikisha wifi kwa daktari, siku hiyohiyo au inayofuata, mwambie yule daktari na mimi ni dada wa marehemu. Waliofiwa hivi wenyewe wako kwenye hatari zaidi ya watu wengine, si wifi tu. Unalala? Unakula? Hukuandika.

Ile voisi usiifute. Usiisikilize peke yako na usiisikilize usiku. Mpe mtu unaemwamini aihifadhi kwenye simu yake, isije simu ikaharibika ikapotea, na siku utakayokua tayari, iwe mwezi ujao iwe mwaka kesho, mkae wawili msikilize. Kama hautakua tayari kabisa ni sawa pia.

Hiyo ya kaka itasubiri. Bahasha beba, vyeti vya watoto kaa navyo, zile hereni mrudishie, umvalishe mwenyewe siku eda ikiisha, mwambie hivo ukiwa unamuuliza. Nenda sasa. Ukitoka huko niandikie, hata usiku wa manane.